Kabla Hajacheka

Dirisha la duka langu liko usawa wa magoti.
Hapa Sofia, pale tramu inapokata kona,
anayetaka huduma huinama au huchutama,
nami humjua kwa viatu kabla sijamjua kwa uso.

Kibandiko kwenye kioo kinasema:
NAKALA. PASIPOTI. FUNGUO.
NABADILI PICHA ZISIZOFUNGUKA.

Hilo la mwisho ndilo linalonilisha.
Huja mwanafunzi ambaye chuo kimemrudishia uso wake mara tatu,
kikidai si wa aina inayotakiwa.
Huja fundi bomba mwenye sebule iliyofurika
na bima inayotaka picha isiyozidi kilobaiti mia mbili.
Maji yote yale, ndugu yangu. Kilobaiti mia mbili.
Nabonyeza, nangoja, nawarudishia.
Leva mbili.

Faili ni koti tu, nilidhani:
unamvua mtu hili, unamvika lile, mtu ni yuleyule.
Lakini koti la jeipegi lina tabia yake,
kila ukilivua na kulivika tena
linaondoka na ngozi kidogo.
Haba na haba hujaza kibaba;
haba na haba, pia, hukimwaga.

Jumanne, theluji ikiwa imegeuka tope,
vilikuja viatu vya manyoya, zipu moja imefungwa kwa pini.
Bi Stoyanka, ghorofa ya nne, jengo la mkabala.
Hakuinama. Magoti yake yalishakataa.
Aliteremsha simu kwa kamba, ndani ya kimfuko cha vitunguu,
kama anayeteka maji kisimani.
Simu si yake. Ni ya Zdravko.

"Binti yangu yuko Bilbao," sauti ilishuka kutoka juu,
"kompyuta yake haiisomi. Anataka kuichapisha.
Ifanye iwe picha ya kawaida."

Nikaifungua. Mzee mezani, kikombe mkononi,
nyuma yake pilipili nyekundu zimetungwa kambani.
Kidole changu kikakawia juu ya kioo
na Zdravko akasogea.

Simu hizi ndivyo zilivyo, huiba kidogo
kabla ya kubonyeza na kidogo baada yake.
Sekunde tatu. Kikombe kinapanda,
jicho linamwona mpiga picha, bega linaanza kutikisika,
basi.
Alizikwa Oktoba. Tangazo lake la mlangoni nililichapa mimi,
kwa picha ya pasipoti, midomo imebanwa.

Nilimweleza kwa kupaza sauti, miguu ya wapita njia ikisikiliza:
ikishakuwa picha ya kawaida, haitasogea tena.
Lazima tuchague fremu moja. Zilizobaki zitakaa humu simuni,
na simu hii, bibi, betri yake imevimba.

Viatu vikanyamaza. Kimoja kikakanyaga kingine.
"Zipo ngapi?"
Nikahesabu. Arobaini na tatu.
"Basi nisomee."

Nikamsomea. Ya kwanza, anatazama meza.
Ya tano, mvuke umemfunika pua.
Ya kumi na moja, anakuona.
Ya kumi na mbili, bado anakuona.
Foleni ikaota nyuma yake: buti, raba, buti.
Hakuna aliyeguna.
Ya ishirini na tisa, mdomo unafunguka.

"Simama hapo. Rudi moja nyuma."
"Huku hajacheka, bibi."
"Najua. Hapo ndipo alipojua kwamba atacheka."

Nikaihifadhi kwa ubora wote, mia kwa mia,
faili nene kama mkate wa sikukuu.
Tarehe ilibaki. Mahali palipotea; sijui kwa nini, hupotea.
Kamba ikapanda, sarafu zikagonga kizingiti.

Nakala yake ilikuwa bado kwenye mashine yangu.
Kompyuta ikaniuliza, kama inavyoniuliza kwa wote,
niifute ile ya asili?

Nikabonyeza hapana.
Nikabonyeza tena hapana, maana huuliza mara mbili.

Buti zilizofuata zilitaka ufunguo.